Gunia la Julai: kupanga fedha za mwaka kwa mwenye kipato kidogo Nyanda za Juu Kusini

Mahindi yanayouzwa Soko la Sido jijini Mbeya mwezi wa saba na yanayouzwa hapo hapo mwezi wa pili yametoka mashamba yale yale ya Mbozi, Ileje na Momba mkoani Songwe. Kilichobadilika ni bei, na anayebeba tofauti hiyo mara nyingi ni yule anayenunua unga kwa kilo kwa sababu hana fedha ya kununua zaidi. Inaniuma kuona mtu anaishi katikati ya mikoa inayolisha nchi nzima, halafu kila Februari anakopa ili apike ugali.

Ushauri mwingi wa fedha unahesabu mwezi: mshahara umeingia, gawa mafungu, subiri mwingine. Kwa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe hesabu hiyo inaacha jambo kubwa nje. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mavuno makubwa ya mahindi ni mara moja, na bei ya chakula hupanda na kushuka kwa kufuata hayo. Hata mwalimu anayelipwa kila mwezi na dereva wa bajaji wa Mafiati anayelipwa kila siku wanakula kwa bei za msimu. Kwa hiyo panga mwaka. Na mwaka wenyewe uanze Julai, maana Januari inakukuta umeshachelewa.

Hatua ya kwanza: daftari la mwezi mmoja

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kwa mwezi mmoja andika kila shilingi inayotoka, siku ile ile, kabla ya kulala. Usijaribu kubana chochote mwezi huo, andika tu. Mambo yanayosahaulika zaidi ni madogo: vocha na bando, boda ya kurudi nyumbani mvua ikinyesha, ada ya kutolea fedha kwa wakala, kusaga, maji ya ndoo, andazi la saa nne. Mwisho wa mwezi jumlisha kwa mafungu. Utajua unga unakula kiasi gani, mkaa kiasi gani, na fungu lipi limekuzidi bila wewe kujua.

Kwenye ada za simu kuna fedha ya haraka kuokoa. Kutoa elfu tano mara nne kunagharimu zaidi ya kutoa elfu ishirini mara moja, kwa sababu kila muamala una ada yake. Chagua siku moja ya wiki ya kutoa fedha ya matumizi, uishi nayo hadi wiki inayofuata.

Hatua ya pili: chora kalenda yako

Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili kuanzia Julai. Mbele ya kila mwezi andika fedha inayoingia na kitu kikubwa kinachotoka. Kwa familia nyingi za huku karatasi hiyo itasomeka hivi.

Julai na Agosti mahindi ni mengi na bei iko chini. Mkulima ana fedha mkononi, na ndiyo miezi ya harusi, kipaimara na michango. Baridi ni kali, hasa Makete, Njombe mjini, Mufindi na Uyole, kwa hiyo mkaa unatumika zaidi na watoto wanahitaji masweta. Septemba na Oktoba ni kiangazi. Mahitaji ya shamba yanaanza kupanda bei. Oktoba na Novemba ni mbegu na mbolea. Desemba ni sikukuu na nauli za kwenda kwa wazee. Januari ni shule. Ada imefutwa shule za serikali, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula bado vipo. Februari na Machi ghala la wengi limekwisha, bei ya mahindi iko juu, na palizi inahitaji vibarua. Aprili na Mei mboga na mahindi mabichi vinaanza kupunguza makali.

Ongeza mambo yako. Kodi ya nyumba ndiyo inayoangusha wapangaji wengi wa mjini, kwa sababu inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi kinakuja kama deni la 240,000 siku moja. Ukitenga 10,000 kila wiki, wiki 26 zinakupa 260,000, na siku mwenye nyumba anapobisha hodi unampa fedha yake na kubaki na ya fundi wa kitasa. Fedha hiyo isikae kwenye laini unayonunulia vocha. Iweke benki, au kwenye laini nyingine ambayo namba yake ya siri anaijua mwenzako tu.

Mkulima asisahau kujiandikisha mapema ofisi ya kijiji au mtaa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mpango huo ulianza msimu wa 2022/23, na asiyekuwemo kwenye daftari la wakulima hununua kwa bei kamili. Foleni ya Novemba ni ndefu, nenda Agosti.

Hatua ya tatu: gunia

Hii ndiyo hatua yenye fedha nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Pima kwanza familia yako inakula unga kiasi gani. Tuseme mnapika kilo moja kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 365, yaani karibu magunia manne ya kilo 100 mkisaga dona. Ukikoboa sembe ongeza, kwa kuwa sehemu ya mahindi inabaki mashineni kama pumba. Magunia manne kwa mkupuo ni mzigo ambao wengi hawauwezi, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudi kwenye kilo mbili za dukani.

Usinunue ya mwaka. Nunua ya miezi minne ya ghali. Kuanzia Julai hadi Novemba mahindi sokoni bado ni nafuu, endelea kununua kidogo kidogo kama kawaida. Unachohitaji ni akiba ya Desemba hadi Machi: kwa kilo moja kwa siku ni kama kilo 120, sawa na debe saba hivi, maana debe la mahindi ni kilo 17 au 18 na ndiyo sababu gunia huhesabiwa debe sita. Weka bei za soko lako, lakini kwa mfano debe likiwa 9,000 Julai na 17,000 Februari, debe saba ni 63,000 dhidi ya 119,000. Shilingi 56,000 zimebaki nyumbani. Hakuna benki itakayokupa faida ya namna hiyo kwa 63,000 katika miezi saba, na hakuna aliyekuahidi kitu zaidi ya njaa ya familia yako mwenyewe kupungua.

Angalizo: kuna miaka ambayo bei haipandi sana, mavuno yakiwa mengi mno au mipaka ikifungwa. Mwaka kama huo utakuwa umeokoa kidogo, lakini chakula unacho. Hilo ni tofauti na mtu anayenunua magunia hamsini ili auze. Yeye ni mfanyabiashara na ana hatari zake.

Sasa namna ya kununua. Usikimbilie mahindi ya Mei na mwanzo wa Juni kwa sababu tu bei ni ya chini kabisa. Mengi bado yana maji. Unanunua uzito wa maji, na ukiyafunga yataota ukungu. Subiri mwishoni mwa Juni au Julai. Kupima ukavu bila mashine, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza mahindi theluthi moja ya chupa, funga, tikisa vizuri kwa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka: yaanike kwenye turubai, si kwenye udongo, kisha rudia kipimo. Chumvi ikianguka yote chini, funga gunia.

Wa Tukuyu na Busokelo, kwenu mvua hazina likizo ndefu na kuanika ni shida. Nunueni yaliyokauka tayari kutoka Mbozi au Usangu. Na kwa kuwa ndizi mnazo mwaka mzima, akiba yenu ya mahindi inaweza kuwa nusu ya ile ya mtu wa Mbalizi.

Pima kwa mizani. Sado na plastiki hutofautiana kutoka muuzaji hadi muuzaji, zimebonyezwa huku au zimejazwa kilima kule, na mnunuzi hana namna ya kulinganisha bei. Na ukiwa wewe ndiye mkulima, usikubali lumbesa. Ni kinyume cha sheria ya vipimo, na kila kilima kinachoshonewa juu ya gunia ni chakula cha watoto wako kilichoondoka bure.

Kuhifadhi. Mfuko usiopitisha hewa, ule wa tabaka tatu unaoitwa PICS, unauzwa maduka mengi ya pembejeo. Una plastiki mbili ndani na kiroba nje. Jaza mahindi, kandamiza hewa itoke, funga plastiki ya kwanza kwa nguvu, kisha ya pili, kisha kiroba. Dumuzi waliomo ndani hukosa hewa na kufa, bila sumu yoyote. Ila mfuko huo hauvumilii kufunguliwa kila siku. Kwa hiyo ufunge Julai, usiuguse hadi Desemba, na ukiufungua hamishia ya wiki mbili kwenye chombo kingine, ufunge tena. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na uzibe njia za panya kabla, maana tundu moja linaua kazi yote. Mfuko usiotoboka unatumika tena mwaka unaofuata.

Mahindi yaliyoota ukungu usiyale, usiwape kuku, usiyapeleke mashine ukitumaini moto utasafisha. Sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Vingine nitavipitia haraka. Maharage yafungwe kwenye mfuko wa namna hiyo hiyo, maana bila hivyo wadudu huyamaliza upesi kuliko mahindi. Mchele: ukiweza nunua mpunga wa Kyela au Usangu baada ya mavuno, uukoboe kidogo kidogo, mpunga ukiwa na ganda lake hukaa vizuri kuliko mchele. Viazi mviringo usiweke akiba. Vinalimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na vinaoza. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nunua tenga au gunia kwa kuchangia majirani watatu au wanne, mgawane siku hiyo hiyo. Mafuta ya alizeti ya kukamua, vivyo hivyo kwa ndoo.

Hatua ya nne: kikoba chenu kivunjwe Juni

Swali la haki ni hili: hiyo 63,000 ya Julai inatoka wapi kwa mtu anayeishi kwa fedha ya siku? Inatoka kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, na karibu kila mtaa una kikoba. Tatizo liko kwenye tarehe. Vikundi vingi huvunja, yaani hugawana akiba, Desemba. Fedha inaingia mkononi wakati wa nguo za sikukuu na nauli kubwa, mahindi yakiwa yameshapanda. Kufika Januari imekwisha, na Februari wanachama wale wale wanakopa kwenye kikundi kipya ili wale.

Pelekeni hoja kwenye kikao: mzunguko uanze Julai, uvunjwe wiki ya mwisho ya Juni. Fedha iingie wakati chakula ni nafuu. Wanaolima pia watashukuru, maana mtu aliyepata mgao Juni halazimiki kuuza mahindi yote kwa mnunuzi wa kwanza anayepita na fuso.

Wajumbe wakikataa kwa sababu ya sikukuu, msigombane. Anzisheni mfuko wa pembeni ndani ya kikundi hicho hicho, muuite mfuko wa gunia. Kila mwanachama aweke 3,000 kwa wiki kuanzia Septemba. Baada ya wiki 40 ana 120,000. Kwa bei ya mfano wetu hiyo ni debe saba za mahindi, na 57,000 imebaki kwa maharage, mifuko na kibarua wa kubeba. Mfuko huu usikopeshwe. Fedha ya mkopo ina faida lakini pia ina wadaiwa wanaochelewa, na gunia halisubiri mdaiwa.

Mkiwa watu ishirini mnanunua magunia zaidi ya ishirini. Hapo mnaweza kukodi Canter, kutuma watu watatu hadi kijijini Mbozi au Ileje, wakiwa na mizani, chupa ya chumvi na fedha ya ushuru. Watatu, kwa sababu watu wawili hupatana na mmoja hupotea. Wachague wale ambao wangekuwa na aibu kubwa zaidi mbele ya mtaa.

Kuhusu usalama wa fedha yenyewe: sanduku liwe na kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, kila kinachoingia kihesabiwe mbele ya wote na kitajwe kwa sauti. Kiasi kikizidi, pelekeni benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu inayotaka idhini ya viongozi zaidi ya mmoja. M-Koba ni mojawapo. Na jiandikisheni halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi kama watoa huduma wa daraja la nne, na usajili ni kinga yenu mweka hazina akihama mji usiku.

Hatua ya tano: pasipobanwa

Kuna mahali pa kubana na mahali ambapo kubana ni hasara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 kwa nchi nzima. Iringa walikuwa asilimia 57, Njombe asilimia 50. Mikoa ya mahindi, viazi, maziwa na parachichi! Tumbo la mtoto limejaa, mwili wake haujapata kinachojenga. Mtoto aliyedumaa kabla ya miaka miwili ni vigumu kurudisha kilichopotea, na atakibeba hadi darasani.

Kwa hiyo fungu la mboga ya watoto lisiguswe hata mwezi ukiwa mgumu kiasi gani. Wala halihitaji fedha nyingi. Dona badala ya sembe tayari imeongeza kitu bila gharama. Maharage kila siku, hata kijiko kimoja kilichopondwa kwenye uji au ugali wa mtoto. Usipa wa Ziwa Nyasa, mkavu, unasagwa na kuchanganywa kwenye mboga. Parachichi zinazokataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya umbo au doa huuzwa bei ya chini kabisa Rungwe na Njombe msimu wake ukifika, na ndani ni zile zile. Kuku wawili watatu wa kienyeji, na mtoto ale yai kabla halijafika sokoni. Mnafu, chainizi na majani ya maboga huota kwenye viroba vya udongo hata kwenye uwanja mdogo wa mpangaji wa Ilomba, ukimwagilia maji ya kuoshea mboga.

Jambo la pili lisilobanwa ni bima ya afya. Uliza kituo cha afya au kwa mtendaji wa mtaa wako mpango uliopo na kiwango chake kwa kaya, uandike kwenye kalenda kwenye mwezi ambao unaweza kulipa. Ugonjwa mmoja wa kulazwa hula gunia, kuku na hisa za kikoba kwa wiki moja.

Hatua ya sita: moto na umeme

Loweka maharage na makande usiku kucha kabla ya kupika, mwaga maji yale, funika sufuria. Muda wa kupika unapungua sana, na mkaa nao unapungua. Jiko banifu la udongo lililotengenezwa vizuri hulipa bei yake. Mkaa ukinunuliwa kabla ya mvua ni mkavu na nafuu. Januari unanunua maji tena.

Kwenye umeme, angalia uko kundi gani. Mteja mdogo wa nyumbani wa kundi la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Anayewekwa kundi la juu zaidi hulipa karibu mara tatu. Kama matumizi yako ni madogo na bado unapata uniti chache kwa elfu tano, nenda ofisi ya TANESCO ukaulize kundi lako. Kama nyumba ina wapangaji watano kwenye mita moja, mko juu ya 75 bila shaka, na hapo mita ndogo au makubaliano ya maandishi huzuia ugomvi. Ukiwa D1, sufuria ya umeme ya presha hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Linganisha na mkaa wa kopo.

Na tafadhali, Juni na Julai baridi inapobana, usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Nunua blanketi la mtumba.

Hatua ya saba: mikopo

Mkopo wa kausha damu unajulikana kwa jina lake na bado watu wanaupanga foleni, kwa sababu unatolewa dakika kumi bila maswali. Fanya hesabu yake mara moja, kwa kalamu. Umechukua 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 260,000. Umelipa 60,000 ndani ya mwezi mmoja, asilimia 30, tena kwa fedha ambayo nusu ya mwezi haikuwa mikononi mwako kwa kuwa ulikuwa unairudisha. Kwa kiwango cha juu cha asilimia 3.5 kwa mwezi ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana, riba ya fedha hiyo ingekuwa 7,000.

Kabla ya kusaini popote, omba kuona leseni ya Benki Kuu, uombe nakala ya mkataba kwa Kiswahili, na uondoke ukiambiwa uache kadi ya benki na namba ya siri. Programu za mikopo za kwenye simu ni hivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Zile zinazodai ruhusa ya kuona namba zote za kwenye simu yako zinazitaka ili siku ukichelewa wamtumie mkwe wako ujumbe wa kukuaibisha.

Njia nyingine zipo. Kikoba chako kwanza. SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kama una mshahara au zao la uhakika. Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo haina riba: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, inachukua muda, na anayeanza kuifuatilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwende mkiwa na katiba, akaunti na shughuli inayoonekana.

Ambaye tayari yuko ndani ya mikopo mitatu, aandike yote kwenye ukurasa mmoja: kiasi, riba, siku ya kulipa. Alipe ule wa riba kubwa kwanza, mingine aipe kima cha chini kabisa kilichokubaliwa, na asikope mwingine kulipia uliopo. Amweleze mwenzi wake. Madeni mengi ya kausha damu yamekua kwa sababu mmoja nyumbani alikuwa akiyaficha.

Hatua ya nane: michango

Hapa nasema kwa uangalifu, kwa kuwa mtu asiyechangia huku kwetu anakuwa peke yake siku ya msiba wake, na hilo ni umaskini mkubwa kuliko wa fedha. Tenga kiasi cha mwaka mzima kwenye kalenda. Kigawe mara mbili: misiba na ugonjwa fungu kubwa, sherehe fungu dogo. Misiba haikataliwi. Kwenye sherehe, sema mapema na useme kiasi kamili. "Shikamoo baba mdogo. Kadi ya Neema nimeipata, hongereni sana. Mwaka huu uwezo wangu ni elfu ishirini, nitaileta mwenyewe tarehe tano, na Jumamosi nitakuja mapema na vijana wawili tufunge maturubai." Mzee atakayesikia hivyo na kuona ahadi imetimia hatakudharau. Anayeahidi laki na kuzima simu ndiye anayesemwa.

Kama unasoma haya na siyo Julai

Kama ni Septemba hadi Novemba, bado hujachelewa kwa debe mbili tatu. Zinunue, zifunge, zisubiri Februari. Kama ni Desemba, anza na ya Januari: nunua madaftari na viatu vya shule wiki ya kwanza ya mwezi, kabla ya sikukuu, kisha kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kama ni Februari au Machi, hakuna gunia la kununua kwa busara. Punguza unga kwa kuongeza viazi, magimbi na ndizi ambavyo havijapanda kiasi hicho, panda mboga wakati mvua ipo, na kwenye kikao kijacho cha kikoba simama ueleze hoja ya Juni. Kama ni Aprili au Mei, nunua mifuko sasa, maana Julai huadimika madukani, ziba njia za panya, na umpigie simu mkulima unayemfahamu umwambie akuwekee debe saba zilizokauka.